Ondoa manowari moja ya kubeba ndege, kisha hesabu: mwongozo wa zoezi la Pasifiki, 1942

Wapenzi wa historia ya vita wakikutana, swali hili halikosekani: vita vya Pasifiki vingekwendaje kama Marekani ingepoteza manowari moja zaidi ya kubeba ndege? Kuna anayesema Japani ingeshinda. Kuna anayesema kisingebadilika kitu, kwa kuwa viwanda vya Marekani vilikuwa vikubwa mno. Nikisikiliza majibu hayo mawili naona yana kasoro ileile: hayataji tarehe. Manowari iliyozama mwezi Juni 1942 na manowari iliyozama Juni 1944 zina uzito tofauti kabisa, hata kama ni meli za aina moja zilizotoka kiwanda kimoja.

Huwa naendesha zoezi hili mezani, na wanafunzi na watu wazima, nikiwa refa. Hapa nitalieleza hatua kwa hatua kwa kutumia USS Yorktown, manowari ya Marekani ya kubeba ndege. Nimeichagua kwa sababu kumbukumbu za pande zote mbili zimehifadhiwa vizuri kwa saa, na kwa sehemu nyingine kwa dakika, hivyo ubishi wa kubahatisha unapungua.

Vifaa ni vichache: ramani ya Pasifiki kuanzia Hawaii hadi Australia, vizibo vya soda vya rangi mbili, dadu mbili, daftari, na kalenda ndefu uliyoichora mwenyewe kuanzia Mei 1942 hadi Desemba 1943. Ramani ikikosekana mnaweza kuendelea kwa mchoro wa mkono. Kalenda ikikosekana, ahirisheni.

Hatua ya 1: Chagua meli, siku, na namna ilivyokosekana

Badilisha kitu kimoja tu, na kiwe kidogo iwezekanavyo. Ukianza kwa kusema "tuseme Japani ingekuwa na rada bora, na nyambizi zaidi, na bahati", hutajua mwishoni ni kipi kilicholeta matokeo.

Tarehe 8 Mei 1942, katika Bahari ya Matumbawe, karibu na Australia, Yorktown ilipigwa bomu moja lililotoboa sitaha na kulipuka ndani kabisa ya meli. Mabomu mengine yaliyoanguka majini karibu nayo yalilegeza maungio ya bamba za chuma, mafuta yakaanza kuvuja. Siku hiyohiyo mwenzake, Lexington, ilipigwa topido (kombora linalopita majini) na mabomu, mvuke wa petroli ukalipuka ndani, ikazama. Kwa hiyo kuwaza kwamba Yorktown nayo ingezama si ndoto. Topido moja tu iliyokwepwa ingetosha.

Ila kuna badiliko dogo kuliko hilo, na ndilo ninalolipenda zaidi. Admirali Aubrey Fitch alikadiria kwamba matengenezo yangechukua siku 90. Yorktown ilifika Pearl Harbor tarehe 27 Mei, ikaingizwa kwenye chelezo tarehe 28, mafundi zaidi ya 1,400 wakafanya kazi usiku na mchana, na tarehe 30 ikatoka kwenda Midway, kisiwa cha Pasifiki kilichopiganiwa siku chache baadaye. Admirali Chester Nimitz, mkuu wa jeshi la majini la Marekani Pasifiki, alikuwa ameagiza irudi kwake ndani ya siku tatu. Sasa waza kwamba mkuu wa mafundi angesema haiwezekani, na meli ikapelekwa Bremerton, pwani ya magharibi ya Marekani. Hakuna risasi moja iliyobadilika, hakuna aliyekufa zaidi. Kilichobadilika ni jibu la fundi.

Andika matoleo haya mawili kwenye daftari: A, imezama tarehe 8 Mei, B, imekwenda matengenezo ya siku 90. Kwa Midway yanafanana. Mbele kidogo yataachana, na hapo ndipo zoezi linapoanza kufundisha.

Hatua ya 2: Panga vizibo kama vilivyokuwa siku ile

Kwa Marekani, weka Enterprise na Hornet karibu na Midway. Saratoga iweke pwani ya magharibi: ilipigwa topido na nyambizi ya Kijapani mwezi Januari, ikatengenezwa, na ikafika Pearl Harbor tarehe 6 Juni, mapigano yakiwa yameshaamuliwa. Wasp na Ranger zilikuwa upande wa Atlantiki na haziwahi.

Kwa Japani, weka Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu pamoja, chini ya Admirali Nagumo. Ryujo na Junyo zipeleke kaskazini, visiwa vya Aleut. Shokaku na Zuikaku zibaki Japani.

Usipite haraka hapo kwenye Shokaku na Zuikaku, maana hapo pana zoezi lako likiwa limegeuzwa. Shokaku ilikuwa imeumizwa kwa mabomu matatu kule Bahari ya Matumbawe. Zuikaku haikuguswa, lakini ilipoteza ndege na marubani wengi, na jeshi la majini la Japani halikuwa na mazoea ya kuchukua marubani wa meli moja na kuwapandisha kwenye nyingine. Basi meli nzima yenye sitaha safi ikabaki bandarini. Wamarekani walifanya kinyume: Yorktown ilipokwenda Midway, vikosi vyake vingi vilikuwa vya Saratoga. Nawaambia washiriki waandike jambo hili kwa herufi kubwa, kwa sababu watalihitaji kila watakapohesabu "manowari moja". Kuna chuma, kuna ndege, kuna marubani, na kila kimoja kina njia yake ya kupotea.

Kwa ndege, hesabu ya kweli ya Midway ni 233 za manowari za Marekani dhidi ya 248 za Wajapani, bila kuhesabu ndege 127 zilizokuwa kisiwani. Ukiiondoa Yorktown, toa kama 75. Hapo ndipo wengi hufunga daftari wakisema nguvu imepungua kwa theluthi. Endelea.

Hatua ya 3: Orodhesha kazi ambazo meli ilizifanya, saa kwa saa

Hii ndiyo hatua yenye nyama. Usiandike "Yorktown: ndege 75". Andika kila jambo ambalo Yorktown ililitenda siku ya tarehe 4 Juni, kwa mpangilio wa saa.

Asubuhi, ndege za topido zipatazo 12 za Yorktown, chini ya Lance Massey, zililiendea kundi la Nagumo zikiwa chini karibu na maji. Zilisindikizwa na ndege sita tu za John Thach. Ndege za ulinzi za Wajapani, aina ya Zero, zilishuka kuwavamia. Karibu wote wa Massey waliuawa, naye mwenyewe akiwemo, na hakuna topido iliyogonga. Kwenye karatasi hilo ni shambulio lililoshindwa. Lakini wakati Zero zikiwa chini na macho ya walinzi yakiwa chini, ndege za mabomu zinazoshuka wima zilikuwa zimefika juu.

Mnamo saa nne na dakika 20 na kitu asubuhi, ndege 17 za Max Leslie kutoka Yorktown ziliishukia Soryu. Nne kati yake, ya Leslie ikiwemo, zilikuwa zimeshapoteza mabomu njiani kwa hitilafu ya swichi za umeme. Leslie alishuka hata hivyo, akiwa na bunduki tu. Mabomu matatu yaligonga na Soryu ikawaka. Dakika zilezile, ndege za Enterprise chini ya Wade McClusky ziliiangukia Kaga, na Dick Best akiwa na wenzake wawili tu akaipiga Akagi kwa bomu moja ambalo lilitosha kuiangamiza.

Hornet? Ndege zake nyingi zilikosa njia kabisa. Kikosi kimoja tu cha topido, cha John Waldron, kilimpata adui. Ndege zote 15 zikaangushwa na akanusurika mtu mmoja, George Gay.

Sasa adhuhuri. Hiryu, iliyobaki peke yake, ilituma ndege 18 za mabomu. Zikaikuta Yorktown, zikaipiga mabomu matatu. Mabaharia waliziba sitaha, wakawasha upya mitambo, meli ikaanza tena kwenda. Mchana wimbi la pili la Hiryu, ndege 10 za topido, likaikuta Yorktown hiyohiyo na kudhani ni nyingine, kwa jinsi ilivyokuwa imetengenezwa vizuri. Topido mbili ziliilaza ubavu. Tarehe 6 nyambizi I-168 ikaipiga tena pamoja na manowari ya kusindikiza Hammann, na asubuhi ya tarehe 7 Yorktown ikazama.

Kabla ya wimbi hilo la pili, ndege za upelelezi za Yorktown zilikuwa zimekwisha kuruka, na rubani wake Samuel Adams ndiye aliyeiona Hiryu na kutuma taarifa. Jioni ndege 24 ziliruka kutoka Enterprise kwenda kuimaliza, zaidi ya nusu zikiwa za Yorktown zilizokosa pa kutua.

Orodha yako sasa ina mambo matano: kuvuta Zero chini, kuiua Soryu, kupokea mapigo yote ya Hiryu, kuipata Hiryu, na kuchangia ndege za kuiua. Hesabu ya theluthi imeshakufa. Jambo la tatu, kupokea mapigo, ndilo linalosahaulika kuliko yote. Kila bomu lililoanguka Yorktown ni bomu ambalo halikuanguka Enterprise wala Hornet.

Hatua ya 4: Tafuta mrithi wa kila kazi

Chukua kila kazi, uliza: bila Yorktown, nani angeifanya? Andika jina la kikosi, usiandike "wengine".

Kuvuta Zero chini: vikosi vya topido vya Hornet na Enterprise vilishafika mapema na kuteketea. Massey ndiye aliyekuwepo dakika ile ya kuamua. Mrithi hakuna, ingawa mmoja wa washiriki wako atabisha kwamba Zero zilikuwa bado chini kwa sababu ya mashambulio yaliyotangulia. Mwache abishe, hoja yake si mbaya.

Kuiua Soryu: mrithi angeweza kuwa Hornet, kama ndege zake zingeshika njia sahihi. Hazikushika. Hatuna haki ya kuzisahihisha njia kwa kuwa tunazihitaji.

Kupokea mapigo: mrithi ni Enterprise au Hornet. Na tena pigo lingekuwa zito zaidi, maana Soryu nayo ingekuwa hai. Wimbi la adhuhuri lingetoka manowari mbili.

Kuipata Hiryu: Enterprise ingeweza kutuma wapelelezi wake, ila kila ndege iliyokwenda kupeleleza ni ndege iliyopungua kwenye shambulio.

Usisahau kiti cha amri. Frank Jack Fletcher aliyekuwa Yorktown ndiye aliyekuwa mkubwa wa wote. Bila meli yake, Raymond Spruance, admirali aliyeongoza kundi la Enterprise na Hornet, angekuwa peke yake. Kwangu mimi hilo lisingeharibu kitu, Spruance alikuwa mtu wa kupima mambo. Swali zito ni la Nimitz: je, angewatuma watu wake na manowari mbili dhidi ya nne? Kikundi cha Joseph Rochefort, cha Wamarekani waliofumbua mawasiliano ya siri ya Wajapani, kilikuwa kimeshabaini kwamba shabaha ni Midway, baada ya kisiwa kutangaza kwa redio upungufu wa maji wa uongo na Wajapani kuripoti upungufu huohuo. Nimitz alikuwa na siri hiyo mkononi na kisiwa chenye uwanja wa ndege. Naamini angewatuma. Mshiriki anayemcheza Nimitz lazima aamue kabla dadu hazijarushwa.

Hatua ya 5: Rusha dadu, kwa meli kwanza kisha kwa kikosi

Kanuni ninazotumia ni rahisi. Kila manowari ya Marekani irushiwe dadu moja ya kumtafuta adui: 1 hadi 3 ndege zake zimepotea njia, 4 hadi 6 zimempata. Zikimpata, kila kikosi chake cha mabomu kirushe dadu ya pili: Zero zikiwa chini, 3 na kuendelea ni pigo la kuua, Zero zikiwa juu, ni 5 au 6 tu.

Dadu ya kwanza irushwe kwa meli, isirushwe kwa kikosi, kwa sababu ndege za meli moja huruka pamoja na hupotea pamoja, kama Hornet ilivyothibitisha. Angalia inavyotokea: kwa manowari tatu, uwezekano wa zote kukosa njia ni 1 kati ya 8. Kwa mbili ni 1 kati ya 4. Umeondoa theluthi ya meli, na hatari ya kutoka mikono mitupu imeongezeka maradufu.

Halafu hesabu wastani. Asubuhi ile vikosi vitano vya mabomu viliruka, viwili vya Enterprise, viwili vya Hornet, kimoja cha Yorktown. Kwa kanuni hizi, Zero zikiwa chini, vitano huua wastani wa manowari moja na theluthi mbili. Vinne huua moja na theluthi. Zero zikiwa juu, vinne havifiki hata moja. Historia yenyewe ilitoa tatu. Maana yake ni kwamba Wamarekani walipata zaidi ya wastani, na ukilinganisha kila raundi yako na siku hiyo ya bahati kubwa, kila raundi itaonekana ni msiba. Linganisha raundi kwa raundi: nusu ya jioni chezeni na Yorktown, nusu bila.

Mkimaliza kila raundi andikeni manowari zilizobaki kila upande, na marubani. Hili la marubani lisirukwe. Wajapani walikufa zaidi ya 3,000 Midway, ila waliokuwa marubani na wahudumu wa ndege walikuwa kama 110. Wengi wa waliofunzwa vizuri waliokolewa. Vifo vikubwa vya marubani wao vilikuja baadaye, katika visiwa vya Solomon.

Hatua ya 6: Hamia kwenye kalenda

Bandika matokeo yako kwenye kalenda na usogee mwezi kwa mwezi.

Tarehe 7 Agosti 1942, wanamaji wa Marekani wanatua Guadalcanal, kimojawapo cha visiwa vya Solomon, wakilindwa na Saratoga, Enterprise na Wasp. Tarehe 24 Agosti, mapigano ya Solomon ya Mashariki: Ryujo inazama, Enterprise inaumizwa. Tarehe 31 Agosti Saratoga inapigwa topido tena. Tarehe 15 Septemba nyambizi I-19 inaizamisha Wasp. Tarehe 26 Oktoba, Santa Cruz, Hornet inapigwa na kupotea, Enterprise inaumizwa tena. Kuna majuma ambayo Enterprise iliyojeruhiwa ndiyo manowari pekee iliyoshikilia eneo zima. Mapema 1943 Uingereza iliwaazimisha Wamarekani Victorious, manowari yake ya kubeba ndege, iende Pasifiki kuziba pengo.

Sasa rudi kwenye matoleo yako. Katika A Yorktown haipo, na kama raundi yako imeondoa pia Enterprise au Hornet pale Midway, jiulize kwa moyo mweupe kama Guadalcanal ingeanzishwa Agosti. Mimi naona isingeanzishwa. Ingesogea hadi 1943, Wajapani wangemaliza uwanja wa ndege kisiwani, na njia ya meli kati ya Marekani na Australia ingebanwa.

Katika B, hesabu siku 90 kuanzia 27 Mei. Unafika 25 Agosti, siku moja baada ya mapigano ya Solomon ya Mashariki. Yorktown hai, imetengenezwa, inarudi wakati Saratoga na Wasp zinakaribia kutoka mchezoni. Meli iliyokosekana Juni imepatikana Septemba, ambapo kwa historia ya kweli ilikuwa chini ya bahari. Kikundi kikifika hapa, waliokuja na jibu moja la haraka huanza kuuliza maswali mazuri.

Endelea hadi tarehe 31 Desemba 1942, ipigie mstari mwekundu. Siku hiyo Essex, manowari mpya ya Marekani ya kubeba ndege, ilipokelewa rasmi jeshini. Ilianza kujengwa Aprili 1941, kama miezi 20 tu. Nyuma yake mwaka 1943 zilifuata nyingine za aina yake, pamoja na manowari ndogo tisa za aina ya Independence zilizogeuzwa kutoka maumbo ya meli za kivita. Mashambulio ya Novemba 1943 kwenye visiwa vya Gilbert yalifanywa na kundi ambalo manowari zake nyingi za kubeba ndege zilikuwa mpya. Japani haikuwa na kitu kama hicho: Taiho, manowari yao bora, iliingia kazini Machi 1944 na topido moja ya Juni mwaka huohuo ilitosha kuipeleka chini ya bahari.

Ndiyo maana katika raundi nyingi pengo la manowari moja halibadilishi mshindi. Linasogeza tarehe, pengine mwaka mzima, na ndani ya mwaka huo wamo wafungwa wa vita, vijiji vya visiwani na mabaharia ambao hawakuwa na mwaka wa kusubiri.

Hatua ya 7: Panua ramani hadi Mombasa

Washiriki wetu hufurahia sehemu hii, nayo ina haki yake. Aprili 1942 Nagumo alikuwa Bahari ya Hindi na manowari tano, akaizamisha manowari ya Uingereza ya kubeba ndege, Hermes, karibu na Ceylon (Sri Lanka ya leo). Sehemu kubwa ya kundi la meli za Uingereza ikarudi nyuma hadi Kilindini, na wataalamu wao wa kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajapani wakahamia Mombasa, katika shule ya Allidina Visram. Juni na Julai nyambizi za Kijapani zilizamisha zaidi ya meli 20 za mizigo katika Mlango wa Msumbiji, njia iliyolisha majeshi ya Uingereza yaliyokuwa Misri kupitia Suez.

Weka kizibo cha Nagumo mahali pake, ukichukulia raundi iliyomwachia manowari tatu zikiwa nzima. Je, anarudi Bahari ya Hindi? Mafuta yake yanamtosha? Ushindi wa Midway ungemfungulia mlango huo, na kule Pasifiki ungekuwa umemuacha na kisiwa kidogo kilicho mbali na kigumu kulisha. Wape wanaocheza Japani dakika kumi wajadiliane bila refa kuingilia.

Kuhusu leo

Mtu lazima atauliza kuhusu Marekani na China. Kanuni za kutafuta na kurithi kazi zinatumika, ila kalenda ichorwe upya. Marekani ina manowari kubwa 11 za kubeba ndege, na kiwanda kimoja tu, Newport News, ndicho kinachozijenga. Gerald R. Ford iliwekwa msingi Novemba 2009 ikapokelewa Julai 2017. Kwenye kalenda hiyo hakuna mstari mwekundu wa Desemba. Ikizama moja, vita vitamalizwa na zilizobaki. Wasijaribu zoezi la leo kabla hawajacheza la 1942 mara mbili.

Jioni ikiisha na kikundi kikitaka kuendelea, wapeni Wasp, tarehe 15 Septemba 1942, mkiibakiza hai badala ya kuiondoa. Orodha ya kazi ianzie kwenye msafara iliokuwa ikiulinda kwenda Guadalcanal.